Ungekuwa Wewe, Ungeandika Nini?

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hii nilifundishwa nikiwa kidato cha pili. Niliikariri, nikaiandika katika insha nyingi na kupata alama nzuri. Sikuwahi kujiuliza swali linaloifuata: je, mkuu akikosea, guu linalovunjika ni la nani? Swali hilo sikuulizwa na mwalimu darasani. Nilikuja kuulizwa na kazi.

Kazi yenyewe niliipata kwa sababu ya shida. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni karo ilinishinda, nikasimamisha masomo kwa muhula mmoja na kurudi nyumbani, mashariki mwa Uganda. Shule niliyosoma ilikuwa ikitafuta mtu wa kumsaidia mwalimu anayewashauri wahitimu wa kidato cha sita kuhusu udahili wa vyuo vikuu. Nilikuwa na umri wa miaka 21. Nilipewa meza, kompyuta moja ambayo kibodi yake ilikuwa imepoteza herufi mbili, na orodha ya majina 180. Wiki ya kwanza wanafunzi waliniita dada. Wiki ya pili wazazi wakaanza kuniita mwalimu. Nilifurahi, na sasa naona kuwa furaha ile ilikuwa mwanzo wa kosa langu.

Katika insha hii ninajaribu kujibu swali moja: mtu anayejua zaidi ana haki gani juu ya uamuzi wa mtu anayejua kidogo, hasa pale ambapo atakayeishi na uamuzi huo ni yule anayejua kidogo?

Kwa msomaji asiyeijua Uganda, nieleze kwanza jinsi mambo yanavyokwenda. Mwanafunzi aliyefanya mtihani wa kidato cha sita, unaoitwa UACE, akitaka ufadhili wa serikali huomba nafasi kupitia Bodi ya Pamoja ya Udahili wa Vyuo Vikuu vya Umma, ambayo wengi huiita PUJAB. Nafasi za ufadhili ni takribani 4,000 kwa mwaka kwa nchi nzima. Mwombaji huorodhesha kozi anazozitaka, kuanzia anayoipenda zaidi. Daraja A lina pointi 6, B lina 5, C lina 4, na kuendelea kushuka hadi O yenye pointi 1. Pointi hizo huzidishwa kulingana na kozi: masomo mawili ya msingi huzidishwa mara 3, la tatu mara 2. Masomo madogo, kwa mfano kompyuta, huongeza pointi moja moja, na hata matokeo ya kidato cha nne huongeza sehemu ndogo ndogo za pointi. Msichana huongezewa 1.5, utaratibu ulioanza Makerere mwaka 1990. Baada ya hapo waombaji wa kila kozi hupangwa kuanzia wa juu, na nafasi zinapoisha mstari huchorwa. Aliye juu ya mstari anasomeshwa na serikali. Aliye chini hujitafutia.

Mstari huo ndio kila mtu huutazama. Wa mwaka jana unajulikana. Wa mwaka huu haujulikani na mtu yeyote, kwa sababu unategemea wenzako kote nchini wameomba nini na wamefaulu vipi. Mshauri hukaa hapo katikati, kati ya mstari unaojulikana na mstari usiojulikana, na kila asubuhi huulizwa maswali na vijana wanaoamini kuwa anaiona miwili.

Siku moja alikuja kijana aliyetaka uhandisi wa majengo. Alikuwa na A katika hisabati, B katika fizikia na B katika kemia. Tuliketi tukahesabu: 18, 15 na 10, jumla 43. Masomo madogo yakaongeza 2. Kidato cha nne kikaongeza 2.4. Jumla ikawa 47.4. Mstari wa mwaka uliotangulia, kwa kozi hiyo katika chuo alichokitaka, ulikuwa 47.9.

"Dada, ni nusu pointi tu," alisema.

"Nusu pointi ndiyo inayomwacha mtu nje," nilimjibu.

Nilimwambia aandike ualimu wa hisabati na fizikia, kozi ambayo pointi zake zilimtosha na kubaki. Akaniuliza kama hawezi kuweka uhandisi juu na ualimu chini yake. Hapa ndipo nilipotenda jambo ambalo bado linaniuma. Nilikuwa nimesikia katika chumba cha walimu kwamba ukipoteza chaguo la kwanza, machaguo yanayofuata nayo hudhoofika. Sikuwa nimelihakikisha neno hilo popote. Nililitamka kama sheria. Akanyamaza.

Kesho yake baba yake alikuja. Ni mzee anayenunua na kuuza mahindi mpakani Busia, na tulizungumza Kiswahili kwa sababu hicho ndicho anachokitumia na wateja wake wa pande zote mbili. Alivua kofia mlangoni, akasema, "Mwalimu, mimi shule niliishia darasa la tano. Haya mambo siyajui. Wewe mwambie tu. Akiambiwa na wewe atasikia."

Baba alipoondoka, kijana aliniangalia kwa muda, akauliza, "Dada, ungekuwa wewe, ungeandika nini?"

Nikajibu, "Ualimu."

"Basi andika hivyo."

Niliandika mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, kwenye kibodi ile mbovu. Uhandisi haukuwekwa hata mahali pa mwisho.

Orodha zilipotoka alikuwa amepata ualimu kwa ufadhili wa serikali. Alinitumia ujumbe wa kunishukuru. Siku hiyo hiyo niliangalia mstari wa uhandisi wa mwaka huo. Ulikuwa 47.2.

Jibu la haraka ambalo rafiki zangu walinipa ni kwamba hiyo ilikuwa bahati mbaya. Mstari ungepanda badala ya kushuka, wote wangenisifu kuwa nimemwokoa kijana. Ni kweli, lakini jibu hilo lina hatari yake. Kama ushauri hupimwa kwa matokeo peke yake, basi mshauri hana la kujifunza. Asubiri orodha zitoke ndipo ajue kama jana alikuwa mtu mwema au mbaya. Hatuwahukumu madereva hivyo. Anayekimbiza basi usiku bila taa hata akifika salama amekosa, na abiria waliofika salama hawamwii shukrani.

Najua jambo hili kwa sababu mimi mwenyewe ni abiria wa namna hiyo. Nilipokuwa kidato cha sita nilitaka kusoma sheria. Mwalimu aliyetushauri wakati huo aliona pointi zangu, akatia Kiswahili na ualimu mahali pa kwanza katika fomu yangu bila kuniambia. Shule ilitaka orodha ya wahitimu waliopata vyuo iwe ndefu, ili ipate ya kuandika kwenye bango la barabarani wakati wa kuwaita wanafunzi wapya. Niligundua nilipoona jina langu. Nililia siku mbili. Shangazi yangu alisema Kiswahili ni lugha ya askari, kama wazee wengi wa kwetu wanavyosema mpaka leo, ingawa mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kiwe lugha rasmi.

Leo ninakipenda Kiswahili. Nisingekipenda nisingeandika insha hii. Je, mapenzi haya yanamsafisha mwalimu wangu? Nimelifikiria sana, na jibu langu ni hapana. Mtu akikusukuma mtoni bila kukuuliza, nawe ukapambana na maji mpaka ukajua kuogelea, ujuzi ule ni wako na jasho ni lako. Aliyekusukuma bado alikusukuma. Uzuri wa maisha yangu ya sasa niliujenga mimi, pamoja na walimu wa chuoni na vitabu walivyonipa. Hauwezi kurudishwa nyuma ukalipie deni la mtu aliyeandika jina langu bila idhini yangu.

Kwa hiyo nina mambo mawili mkononi: uamuzi nilioufanya kwa niaba ya mwingine ukaishia vibaya, na uamuzi uliofanywa kwa niaba yangu ukaishia vizuri. Naona yote mawili yana kosa moja. Kosa lenyewe ni lipi?

Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, katika kitabu chake On Liberty cha mwaka 1859, alitoa mfano wa daraja bovu. Mtu anataka kulivuka naye hajui kuwa ni bovu. Kama hakuna wakati wa kumwonya, unaweza kumshika na kumrudisha nyuma, kwa maana hakutaka kuanguka mtoni. Lakini kama kuanguka si hakika, ni hatari tu, basi aonywe na aachwe aamue mwenyewe, kwani yeye ndiye anayejua ana sababu gani ya kutaka kufika ng'ambo. Niliposoma mfano huu darasani niliona ni rahisi. Niliporudi kuufikiria baada ya kazi ile, niliona daraja la kijana wangu halikuwa limevunjika. Lilikuwa na hatari ya nusu pointi. Na wakati wa kumwonya ulikuwepo, siku kadhaa. Mimi nilimshika mkono nikamrudisha.

Hata hivyo nadhani Mill anatuachia kazi ambayo hakuifanya. Anazungumza kana kwamba kuonya na kuzuia ni vitu viwili vilivyo mbali. Kwetu haviko mbali. Mtoto aliyelelewa na methali niliyoanza nayo, akiambiwa na mtu anayeitwa mwalimu kwamba daraja ni bovu, amekwisha kuzuiwa. Hahitaji kushikwa mkono. Baba yake alilijua hilo vizuri kuliko mimi: akiambiwa na wewe atasikia. Kwa hiyo mshauri wa kwetu hawezi kujitetea kwa kusema, "Mimi nilishauri tu, yeye ndiye aliyeamua." Anayeshauri huku ameshika kibodi ameamua tayari. Wajibu wake haukomi katika kusema kweli. Inampasa pia aiseme kweli hiyo kwa namna inayomwachia msikilizaji nafasi ya kusema hapana bila kuonekana hana adabu.

Kuna pingamizi ninaloliheshimu. Mtu anaweza kusema kwamba haya ni mawazo ya watu wanaoishi kila mmoja peke yake. Kwetu kijana hasomi peke yake. Baba anauza mahindi, mjomba anaongeza, dada mdogo anasubiri zamu yake ya karo. Kijana akikosa ufadhili, kiwanja kitauzwa. Mikopo ya serikali iliyowekwa na sheria ya mwaka 2014 haimfikii kila mwombaji. Je, si haki wakubwa waamue, ilhali wao ndio watakaolipa?

Sehemu kubwa ya pingamizi hili ni kweli. Sisemi kwamba uamuzi ni wa kijana peke yake. Ni wa nyumba nzima, na kijana ana wajibu wa kuisikiliza nyumba yake. Lakini angalia nilichokifanya. Sikuikutanisha nyumba. Baba alinipa mimi sauti yake kwa sababu aliamini naona asichokiona, na mtoto akanipa sauti yake kwa sababu ile ile. Wote wawili walitoka ofisini wakidhani mwenzake ndiye aliyekubali. Wahenga hao hao walisema pia kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mzee anajua mfuko wake. Kijana anajua usingizi wake. Mimi sikuujua wowote kati ya hivyo, nilijua orodha ya pointi za mwaka jana.

Tena nilikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Wiki ile ambayo kijana alikaa mbele yangu, mimi mwenyewe nilikuwa nje ya chuo kwa kukosa karo. Nilijua jinsi mtu anavyojisikia jina lake linaposomwa katika orodha ya wasioruhusiwa kuingia chumba cha mtihani. Nilipomwona akitaka kuhatarisha ufadhili kwa ajili ya nusu pointi, sikumwona yeye. Nilijiona mimi. Nilimwambia "hupati" kwa sauti ya mtu mwenye ujuzi, kumbe ilikuwa sauti ya mtu mwenye hofu. Nadhani hili ndilo kosa linalowapata washauri wengi wenye nia njema. Mwongo anajua kuwa anadanganya. Mwenye hofu hudhani anaona mbali.

Wapo pia wasio na nia njema, na tofauti yao na sisi inafaa kutazamwa. Marekani kazi hii ni taaluma kamili; chama cha washauri wa shule cha huko kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na wazazi wenye fedha huajiri mshauri wao binafsi. Mmoja wa washauri hao binafsi, William "Rick" Singer, alikiri makosa mahakamani mwaka 2019. Alikuwa amepokea zaidi ya dola milioni 25 kutoka kwa wazazi, akawahonga makocha wa vyuo na kupanga majibu ya mitihani yasahihishwe kwa siri. Alieleza kuwa mlango wa mbele ni wa wanaoingia kwa juhudi zao, mlango wa nyuma ni wa wanaotoa michango mikubwa, naye ametengeneza mlango wa pembeni. Januari 2023 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu.

Siwezi kujilinganisha na mtu huyo. Ofisini kwetu hakukuwa na hongo, labda ndizi mbivu za shukrani. Lakini katika habari yake kuna jambo moja lililonishtua kuliko dola zile: baadhi ya watoto hawakujua kilichofanywa kwa majina yao. Wazazi na mshauri walimaliza mambo yote, na mtoto akaingia chuoni akidhani ameingia kwa nguvu zake. Nikaikumbuka fomu yangu. Mwalimu wangu hakupokea fedha, wala hakuvunja sheria kubwa. Lakini mimi pia niliingia chuoni kwa mlango ambao sikujua nani aliufungua, na kwa nini.

Je, mshauri afanye nini basi? Anyamaze? Hapana. Kunyamaza nako ni kumwacha mtu avuke daraja gizani. Nimefikia mambo matatu, na nimeyaweka kama ahadi kwangu mwenyewe. Kwanza, nitatenganisha ninachokijua na nilichokisikia. Nikisema "mstari wa mwaka jana ulikuwa 47.9", hilo nalijua. Nikisema "hupati", hilo silijui, na nikilisema nitakuwa nimemwibia mtu mwaka ambao haujafika. Pili, nitataja hofu yangu kwa jina lake. Ningemwambia kijana yule, "Mimi nimekosa karo muhula huu, kwa hiyo naogopa kwa ajili yako, pima maneno yangu ukijua hivyo," angekuwa na kipimo cha kupimia ushauri wangu. Tatu, nikiulizwa "ungekuwa wewe, ungeandika nini?" sitajibu kabla yeye hajaniambia angeandika nini kama mimi nisingekuwepo.

Kuna ahadi ya nne ambayo ilikuwa ngumu kuliko hizo. Baada ya miezi kadhaa nilimpigia simu kijana yule nimwambie kuhusu ule mstari wa 47.2. Nilikuwa nimejipa sababu nyingi za kutopiga: ameshatulia, anasoma, nitamuumiza bure. Kisha nikaona kuwa kumficha ni kuamua kwa niaba yake mara ya pili. Nilimweleza yote, pamoja na lile neno la chumba cha walimu.

Alikaa kimya kidogo. "Dada, mimi niliuona siku ile ile," alisema. "Lakini nilikuuliza mwenyewe." Halafu akaongeza, "Ila usimwambie mzee."

Sijamwambia mzee. Siri hiyo ni ya kijana, na safari hii nimemwachia aamue.

Mwaka huu, katika likizo, nilirudi kusaidia ofisini kwa siku chache. Alikuja msichana mwenye pointi za kutosha kwa uhasibu na pungufu kwa famasia. Nilimwonyesha mistari ya mwaka jana. Nilimweleza kuhusu nafasi za wilaya na kuhusu mikopo. Nilimwambia ninachokiogopa na kwa nini ninakiogopa. Nikamwambia aende nyumbani, alale, azungumze na mama yake. Aliporudi aliuliza swali lile lile, neno kwa neno. Nilimuuliza yeye kwanza. Akasema famasia.

Moyoni nilikuwa ningeandika uhasibu, nikamwambia hivyo. Akafikiri, akasema bado ni famasia. Niligeuza kompyuta imwelekee, nikamwonyesha herufi zilizokosekana hubonyezwa vipi, naye akaandika mwenyewe, famasia juu na uhasibu chini yake. Orodha haijatoka bado. Kila nikifikiria nusu pointi zake tumbo linanikaza, na wakati mwingine natamani ningemshika mkono.